Jina la nusu mbili: Wagiriki wa South Melbourne na klabu yao

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa timu ya wikendi ya vijana wa Kikongo na Kirundi hapa Melbourne. Tunataka kuisajili iwe klabu kamili. Wazee wanataka ibebe jina la nyumbani. Vijana wanasema tukifanya hivyo tutapigwa marufuku kama Wagiriki walivyonyang'anywa jina lao la Hellas. Halafu tumepata kocha mzuri, lakini hajui Kiswahili na wazee hawamtaki. Historia ya hao Wagiriki ikoje hasa?

Jibu: Marahaba, ndugu katibu. Naanza na jina, maana ndilo linalowagombanisha. South Melbourne Hellas lilikuwa jina la nusu mbili, na wengi wanaolisimulia siku hizi wanaikumbuka nusu moja tu. Hellas, yaani Ugiriki, ndiyo nusu iliyozua zogo. South Melbourne ndiyo nusu iliyokuja na uwanja.

Mwaka 1959 timu tatu ziliungana. Mbili zilikuwa za Wagiriki: Hellenic na Yarra Park Aias. Ya tatu, South Melbourne United, ilikuwa ya Waaustralia wenye asili ya Uingereza, na makazi yake yalikuwa Middle Park, kusini mwa jiji, karibu na bahari. Wagiriki walikuwa na watu na michango. Wenzao walikuwa na mahali. Kwa hiyo klabu ambayo baadaye ilishutumiwa kuwa ya Wagiriki waliojifungia peke yao ilizaliwa kwa kuchanganyika. Nakuomba ulishike hilo, kwa sababu wazee wenu na vijana wenu wote wawili wanabishana juu ya historia ambayo haikuwa hivyo.

Sasa turudi nyuma kidogo tuone watu hao walitoka wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Australia iliona nchi ni kubwa na watu ni wachache, na Arthur Calwell, waziri wa kwanza wa uhamiaji tangu 1945, akapewa kazi ya kuwatafuta. Alitaka Waingereza. Waliotaka kuja hawakutosha, mlango ukafunguliwa kwa Ulaya nyingine: watu wa Baltiki, Wapolandi, Wayugoslavia, Wahungari, Wamalta, Waitaliano, na Wagiriki, ambao serikali yao ilitiliana saini na Australia makubaliano ya uhamiaji mwaka 1952. Mwafrika na Mwasia hawakuwamo katika hesabu hiyo. Sera ya Australia ya Weupe ilikuwa bado inafanya kazi, nanyi mngegonga mlango ule mwaka 1955 msingefunguliwa. Nalisema hili bila kinyongo, ila lisisahaulike pale tunapowasifu waliotangulia.

Wengi walipitia kambi ya Bonegilla, kaskazini mashariki mwa jimbo la Victoria, iliyopokea zaidi ya watu 300,000 kati ya 1947 na 1971. Waliosafirishwa kwa msaada wa serikali walifungwa na mkataba wa miaka miwili: unafanya kazi unayopangiwa, mahali unapopangiwa. Daktari alijikuta anafagia hospitali. Wengine walikuja kwa meli kwa nauli yao au ya ndugu, wakashukia bandari ya Melbourne na kwenda moja kwa moja kwenye viwanda vya magari, vya nguo na vya chakula.

Kijana wa namna hiyo Jumatatu hadi Ijumaa ni mikono tu. Msimamizi hawezi hata kulitamka jina lake, basi anampa jingine. Akitoka kazini, mchezo unaozungumzwa mji mzima ni mpira wa miguu wa Kiaustralia, ule wa mpira wa umbo la yai na milingoti minne kila upande, ambao kwao hajawahi kuuona. Soka lilidharauliwa. Liliitwa mchezo wa "wog", tusi walilotupiwa watu wa Ulaya ya Kusini na kila aliyefanana nao. Lakini wikendi, Middle Park, alikuwa mtu mwenye jina. Alikuta waliozaliwa kijiji kimoja naye, moshi wa souvlaki, gazeti la Kigiriki (Neos Kosmos lilianza hapo Melbourne mwaka 1957), na katikati ya hayo yote mpira.

Mpira ulikuwa sababu ya kukusanyika, na mkusanyiko ndio uliokuwa klabu. Ukitaka kujua kiwanda gani kinaajiri, unauliza jukwaani. Ukitafuta chumba cha kupanga, jukwaani. Barua ya serikali ya Kiingereza usiyoielewa unamwonyesha katibu. Vijana walipata wachumba huko huko. Nimesoma kumbukumbu za klabu nyingi za aina hii, na jambo moja linajirudia: kamati ya wanawake, ile iliyopika na kuandaa dansi, mara nyingi ndiyo iliyolipa madeni ya timu. Picha za ukutani zinaonyesha wanaume waliovaa tai. Nawe kama katibu utakuwa umeshajua nani hasa anaitunza timu yenu.

Wagiriki hawakuwa peke yao katika hili. Waitaliano wa Melbourne walikuwa na Juventus tangu 1948. Wakroatia walianza Melbourne Croatia mwaka 1953. Sydney kulikuwa na Hakoah ya Wayahudi tangu 1939, St George Budapest ya Wahungari tangu 1957, na Marconi ya Waitaliano tangu 1958. Klabu hizi zililiondoa soka la nchi hiyo mikononi mwa mabwana wa zamani, na si kwa upole. Mwaka 1957 klabu za New South Wales zilijitenga na chama na kuunda shirikisho lao. Zikaanza kuleta wachezaji wa kulipwa kutoka Ulaya, hasa Austria, bila kuzilipa klabu zao ada ya uhamisho. Fikiria, Leo Baumgartner aliiacha Austria Wien akaenda kuichezea Prague, klabu ya Wacheki wa Sydney! FIFA ikaifungia Australia kuanzia 1960 hadi 1963, mpaka madeni yalipomalizwa. Kwa hiyo ukisikia watu wanalisifu soka la ridhaa la enzi zile, tabasamu. Ridhaa ilikuwepo, na bahasha pia ilikuwepo. Mchezaji alilipwa kidogo mwisho wa mechi, na Jumatatu alikuwa mashineni na wenzake.

Hellas ilitwaa ubingwa wa Victoria kwa mara ya kwanza mwaka 1962, miaka mitatu tu baada ya kuungana, na ikaendelea kutawala jimbo hilo. Mwaka 1977 ilipoanzishwa ligi ya taifa, ya kwanza nchini humo kwa mchezo wowote wa mpira wa miguu, Hellas ilikuwamo, pamoja na Waitaliano, Wahungari, Wayahudi na wengine. Ilichukua ubingwa huo mara nne: 1984, 1990/91, 1997/98 na 1998/99. Fainali ya Mei 1991 ndiyo inayosimuliwa mpaka leo. Wagiriki dhidi ya Wakroatia, sare ya 1-1, na Hellas ikashinda kwa mikwaju ya penalti 5-4. Nahodha wake alikuwa beki wa kushoto aliyezaliwa Ugiriki na kuletwa Melbourne akiwa na miaka mitano. Jina lake Ange Postecoglou.

Naam, yule aliyekuwa kocha wa Tottenham ya Uingereza. Amesimulia mara nyingi kwamba baba yake alikuwa mtu wa kazi kutwa nzima, na kwamba uwanjani ndipo alipompata kweli. Akiwa mtoto alikuwa muokota mipira Middle Park. Baadaye, akiwa kocha wa klabu hiyo hiyo, aliipa mataji mawili ya mwisho kati ya yale manne, kisha ubingwa wa klabu za Oceania wa 1999, ambao uliifikisha kwenye mashindano ya kwanza ya klabu bingwa ya dunia, Brazil, Januari 2000. Wachezaji ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine mjini walisimama Maracanã mbele ya Manchester United. Walifungwa 2-0, na Quinton Fortune wa Afrika Kusini akafunga yote mawili. Vasco da Gama nao waliwafunga 2-0, Necaxa ya Mexico 3-1. Hawakupata hata pointi moja, na hakuna aliyewacheka. Mei 2025 Postecoglou alikutana na Manchester United tena kwenye fainali ya Ligi ya Europa, safari hii akiwa na Tottenham, akashinda 1-0.

Basi kwa nini klabu hiyo leo haipo ligi kuu? Hapa ndipo vijana wenu wanapochanganya mambo mawili: kufungiwa ligi na kunyang'anywa jina. Yalitokea kwa karibu, lakini hayakuwa jambo moja.

La ligi lilikuwa la fedha na mpango mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ligi ya taifa ilikuwa hoi. Serikali ikaagiza uchunguzi, ripoti ya Crawford ikatoka 2003, uongozi wa soka ukavunjwa na kupewa Frank Lowy. Ligi ya zamani ikazikwa 2004, na mwaka 2005 ikaanza A-League yenye timu nane, kila mji timu moja, nyingi zikiwa zimeundwa upya. Melbourne ikapata timu ya Victory. South Melbourne, ambayo mwaka ule wa 2004 ilikuwa imekabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni, ikarudi ligi ya jimbo. Ajabu yenyewe ni kwamba Lowy alikuwa mtoto wa klabu hizi hizi. Ni Myahudi aliyezaliwa Czechoslovakia, na aliiongoza Hakoah kabla ya kuiondoa kwenye ligi ya taifa mwaka 1987. Aliyaona matatizo yao kutoka ndani, na pengine ndiyo maana hakuwaonea huruma. Mimi naona ligi mpya ilihitajika. Kilichonikera ni kufunga mlango bila ngazi: hakuna kupanda daraja, hata ushinde kila kitu chini huko. Klabu hizo zilisubiri miaka ishirini. Oktoba 2025 tu ndipo mashindano mapya ya taifa ya daraja la pili yalipoanza, na angalia waliofungua mlango: South Melbourne, Marconi, APIA Leichhardt, Sydney United 58, Preston Lions. Waitaliano, Wakroatia, Wamasedonia na Wagiriki wale wale.

La jina ni hadithi nyingine, na ilianza mapema zaidi. Viongozi wa soka walikuwa na imani kwamba Mwaustralia wa kawaida haji uwanjani kwa sababu anaona majina ya mataifa ya watu. Imani hiyo ilifikia kilele miaka ya 1990. Mwaka 1996, chini ya David Hill, mwenyekiti wa chama cha soka cha nchi hiyo, klabu za ligi ya taifa ziliagizwa ziondoe majina na nembo za asili. Melbourne Croatia tayari ilikuwa Melbourne Knights, na Sydney Croatia tayari ilikuwa Sydney United. South Melbourne ikaacha Hellas na kujaribu kuitwa Lakers, kwa ajili ya ziwa la Albert Park lililo jirani, jina ambalo dunia nzima inalijua kwa timu ya kikapu ya Los Angeles. Halikudumu.

Wasomaji wa Kenya wanaijua filamu hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Herufi zilibadilika na mashabiki wakabaki wale wale. Melbourne ilikuwa hivyo hivyo. Ubao uliandikwa South Melbourne, jukwaa likaendelea kuimba Hellas.

Je, amri ile haikuwa na msingi wowote? Ulikuwepo, na sitakuficha. Siasa za Ulaya zilisafiri na watu. Wakroatia na Waserbia walipigana majukwaani kabla na baada ya Yugoslavia kusambaratika. Machi 2005 mechi ya Sydney United na Bonnyrigg White Eagles iliishia kwenye vurugu kubwa. Mgogoro wa jina la Masedonia uliwagombanisha Wagiriki na Wamasedonia wa Melbourne hata kwenye mechi zao. Na karibu zaidi, Oktoba 2022, Sydney United 58 ilifika fainali ya Kombe la Australia, jambo ambalo hakuna klabu ya nje ya ligi kuu iliyokuwa imelifanya, lakini baadhi ya mashabiki wake wakapiga saluti za kifashisti na kuzomea salamu za wenyeji wa asili wa nchi. Aibu ile iliifunika kazi ya wachezaji. Lakini tazama vizuri: mwaka 2022 klabu ilikuwa na jina safi kabisa, Sydney United. Jina halikumzuia mtu kunyoosha mkono. Kilichokosekana ni uongozi uliokuwa tayari kuwatoa nje watu wake wenyewe.

Mwaka 2014 sera ilikazwa tena: klabu mpya zikakatazwa majina na alama za taifa au asili. Melbourne Knights wakaambiwa hata mdhamini wao, klabu ya kijamii ya Melbourne Croatia, hawezi kuandikwa kifuani mwa jezi kwenye mechi za kombe. Walipeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Australia. Mwaka 2019 sera hiyo ilifutwa na kuwekwa miongozo inayotazama kama klabu ina mlango wazi kwa kila mtu. Kwa hiyo hofu ya vijana wenu ilikuwa sahihi miaka kadhaa iliyopita. Leo sivyo. Someni kanuni za sasa za Football Victoria, chama cha soka cha jimbo, kabla ya kujaza fomu, ila msiogope kivuli cha 1996.

Sasa ushauri, kwa kuwa umeuliza historia ukitaka ushauri.

Chukueni jina la nusu mbili. Nusu ya kwanza iwe mtaa mnaochezea, ya pili iwe ya kwenu. Sisemi hivyo ili mmfurahishe mtu. Viwanja vingi vya mitaa hapo ni mali ya halmashauri, na halmashauri hutoa nafasi kwa klabu inayoonekana ni ya wakazi wake. Kwenu kuna sababu ya ziada: ninyi ni Wakongo na Warundi pamoja, na mkianza kutafuta jina la nyumbani mtaulizana nyumbani kwa nani. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Neno zuri la Kiswahili litawatosha wote, na halina bendera.

Uwanja uwe na karatasi. Hapa nasisitiza kuliko kwingine. Middle Park, na jukwaa lake, na kumbukumbu za miaka 35, ilibomolewa katikati ya miaka ya 1990 wakati eneo la Albert Park lilipoandaliwa kwa mbio za magari za Formula One zilizoanza hapo 1996. Hellas walihamia ng'ambo ya ziwa, Lakeside, kwenye uwanja wa zamani wa timu ya mpira wa Kiaustralia iliyokuwa imehamia Sydney. Walipata pa kwenda kwa sababu walikuwa wakubwa. Timu ndogo hupewa barua ya siku thelathini. Ombeni mkataba wa miaka, hata kama ni wa uwanja wenye mashimo.

Na watoto. Kizazi cha kwanza cha Hellas kilikuja uwanjani kwa ajili ya Ugiriki. Cha pili kilikuja kwa ajili ya baba. Cha tatu kilihitaji sababu yake chenyewe, na klabu nyingi za wahamiaji zilikwama hapo. Zilizookoka ni zile zilizokuwa na timu za watoto wa rika zote, wa kike na wa kiume, wakiwemo watoto wa jirani wasiojua neno moja la lugha ya waasisi. Matunda huwa hayatabiriki. Juni 2006 mjini Stuttgart, Australia na Croatia zilitoka sare ya 2-2 katika Kombe la Dunia. Nahodha wa Australia alikuwa Mark Viduka, beki wa Croatia alikuwa Josip Šimunić mzaliwa wa Canberra, na wote wawili walipitia Melbourne Knights. (Šimunić ndiye aliyeonyeshwa kadi tatu za njano na mwamuzi Graham Poll. Hesabu ilimpotea mzee wa watu.) Na Oktoba 2018, dhidi ya Kuwait, Awer Mabil aliyezaliwa kambi ya Kakuma na Thomas Deng aliyezaliwa Nairobi walivaa jezi ya Australia kwa mara ya kwanza siku moja. Walikuwa marafiki tangu utotoni Adelaide. Hao waonyesheni wazee.

Limebaki la kocha. Mwaka 1989 Hellas ilimchukua Ferenc Puskás, yule Mhungari aliyefunga mabao manne katika fainali moja ya Kombe la Ulaya akiwa na Real Madrid. Hakuwa Mgiriki, na Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alichokuwa nacho ni Kigiriki alichookota alipoifundisha Panathinaikos na kuifikisha fainali ya Ulaya mwaka 1971. Vijana wa timu, wengi wao waliokulia Melbourne, walikuwa wanaota kwa Kiingereza. Basi nahodha akageuka mkalimani: Puskás anasema kwa Kigiriki, yeye anawageuzia wenzake. Na kwa kuwa mzee alikuwa hana gari, nahodha alimbeba katika lake, kwenda mazoezini na kurudi, na njia nzima wanazungumza mpira. Alitaka mawinga wakae pembeni kabisa na timu ishambulie, hata ikifungwa. Ubingwa wa 1991 ulitoka katika mazungumzo hayo. Nahodha mwenyewe nimekwisha kumtaja.

Mchukueni kocha wenu. Mtafutieni kijana mwenye gari.